Mstari wa Nne, Safu ya Tatu

Jumanne saa nane na nusu mchana, wenzake wakiwa wameshakwenda kula, mwalimu wa darasa la saba alikaa mbele ya kompyuta ya ofisi ya walimu, ile ambayo herufi A ilikuwa imefutika kwenye kibodi, akafungua jarida la darasa. Hakuanza ukurasa mpya. Katika shule ile hakuna mtu aliyewahi kuanza ukurasa mpya. Jarida la muhula huu liliandikwa juu ya jarida la muhula uliopita, nalo lilikuwa limeandikwa juu ya lililotangulia, na ukichimba sana ungeweza kukuta chini kabisa salamu za pole kwa mvua iliyong'oa paa la stoo miaka tisa iliyopita. Akabadilisha tarehe. Akatoa habari za mashindano ya kuruka kamba, akaweka za bustani ya mboga. Kichwa cha jarida akakikuza mpaka saizi thelathini na sita, akainamisha shingo kukitazama, akakirudisha thelathini na mbili.

Chini ya habari kulikuwa na jedwali la picha, na hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Safu sita, mistari saba, jumla vyumba arobaini na viwili. Wanafunzi arobaini na mmoja walikaa humo kila mmoja na chake, picha juu na jina chini, sentimita tatu kwa tatu na nusu, na chumba cha mwisho pale pembeni alikaa yeye mwenyewe, amekaza uso kama mtu anayengoja kudungwa sindano. Yote hayo yalitakiwa yaenee kwenye karatasi moja, upande mmoja. Ndiyo ilikuwa amri ya ofisi.

Kazi ya siku ile ilikuwa kumwondoa mmoja. Mstari wa nne, safu ya tatu. Alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, na nyumbani walimwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo mno hata mkunga akauliza kama kuna mwingine anakuja nyuma. Mwalimu alibofya picha, akafuta. Akachagua jina, akafuta. Akasevu. Ilichukua muda mfupi kuliko kufuta ubao.

Halafu akaanza kuwasogeza waliobaki ili pengo lifungwe. Wa safu ya nne akaja ya tatu, wa tano akaja ya nne, hivyo hivyo mpaka yeye mwenyewe akaacha pembe yake na kusogea chumba kimoja. Likakaa sawa. Akasevu, akaenda kunywa maji kwenye ndoo iliyokuwa karibu na mlango. Aliporudi, kila mtu alikuwa amerudi mahali pake, na chumba cha mstari wa nne, safu ya tatu, kilikuwa wazi.

Alidhani hakusevu, kama ambavyo mtu yeyote angedhani. Akarudia. Mara ya tatu akakaa na kutazama, na picha zikarudi moja moja mbele ya macho yake, taratibu, bila kusukumana, kama watoto wanaompisha mtu mzima mlangoni. Ndipo akafanya jambo ambalo hakulipanga. Akabonyeza tendua, kile kitufe cha kurudi nyuma. Akabonyeza tena, na tena, na kompyuta ikamrudishia kila alichokifanya tangu saa nane na nusu, hatua kwa hatua, mpaka jina likarudi na uso wa Nukta ukarudi juu yake, na tabasamu lake la kuficha jino lililovunjika. Ikaishia hapo. Barua ilikuwa ya wiki sita nyuma, na tendua haifiki huko. Akamtazama kidogo. Kisha akamfuta upya, maana jarida lilitakiwa kabla ya saa kumi.

Habari ya barua ilikuwa hivi. Ukutani kwenye lango la shule palikuwa na tarakimu mbili kubwa za buluu, nazo zilikuwa wastani wa mtihani wa mwisho wa mwaka uliopita, na kila mwaka zilitakiwa zipande. Mkuu wa shule, mama mmoja mpole wa sauti ambaye walimu walimwita Mama Wastani akiwa hayupo, alikuwa na utaratibu wake. Kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa ofisi ya elimu, mtoto wa mwisho darasani alipumzishwa. Neno lilikuwa hilo. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyefelishwa. Mtoto alipumzishwa, akapewa barua ya kwenda kurudia darasa kwingine, na barua hiyo iliandikwa na mwalimu wa darasa, naye mwalimu wa darasa ndiye aliyeikabidhi kwa mzazi mkono kwa mkono, mzazi akatia sahihi.

Mwaka huu wa mwisho alikuwa Nukta. Hesabu zilimpiga chenga tangu darasa la tatu, na katika mtihani wa majaribio alipata thelathini na moja. Mjomba wake angeweza kusema neno. Lakini angesema neno, wangesema anambeba mtoto wa nduguye, kwa hiyo alinyamaza, na ile barua akaiandika vizuri kuliko barua zote alizowahi kuandika, pambizo sawa kila upande. Aliipeleka nyumbani kwenye mfuko wa shati. Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa dada yake, fundi wa kushona, ambako yeye alikaa chumba cha nje. Dada aliisoma amesimama kwenye meza ya kukatia, akatia sahihi, akaikunja, akaendelea kukata sketi ya mtu. Tangu siku ile hakumwita tena mdogo wangu. Alimwita Mwalimu. Mwalimu, chakula. Mwalimu, maji ya kuoga yapo. Adabu yenyewe ilikuwa ya kumkata mtu maini.

Nukta alipelekwa kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Shangazi alisema nyuma ya duka lake kuna shule inayopokea wanaorudia bila maswali mengi. Nyumba ikabaki na nafasi kubwa kuliko ilivyohitaji. Mwalimu alikuwa na hamu na yule mtoto. Alikumbuka anavyoosha vyombo huku akiimba jedwali la saba na kukosea palepale kila siku, kwenye saba mara nane. Alikumbuka anavyomwita Mjomba nyumbani na Mwalimu shuleni, na asikosee hata mara moja kwa miaka miwili, mtoto anayeambiwa hana kichwa. Hamu ile ilikuwa na aibu ndani yake, kwa hiyo hakuwa na wa kumwambia.

Saa kumi kasorobo alipeleka flashi kwa karani. Karani alikuwa mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na aliyeipenda printa yake kuliko watu wengi. Karatasi ya kwanza ilitoka na tundu. Lilikuwa mstari wa nne, safu ya tatu, sentimita tatu kwa tatu na nusu, limekatwa safi bila kuchanika.

"Jarida lako linaumwa," karani alisema.

Mwalimu akaiinua karatasi kwenye mwanga. Badala ya kuona dirisha la ofisi ng'ambo ya pili, aliona kaunta ya mbao, mzani, na Nukta amekaa juu ya kreti ya soda akikunja mifuko ya karatasi. Alikuwa amevaa kanga ya shangazi yake kiunoni. Karani naye akachungulia, akasema mbona yule mtoto kakua, akaendelea kuchapa nakala arobaini zilizobaki. Zote zilitoka vilevile.

Mkuu aliletewa nakala ya kukagua. Aliisoma kuanzia juu, akasahihisha tahajia ya neno moja kwenye habari ya bustani, kisha akaweka jicho kwenye tundu.

"Huyu si yule wako?"

"Ndiye, Mkuu."

"Amechangamka." Akahesabu majina kwa ncha ya kalamu, yakawa arobaini. "Jina halipo. Basi hakuna tatizo. Gawa."

Jarida likagawiwa. Wazazi walilipokea vizuri, wengine walisema ni zuri kuliko la muhula uliopita kwa sababu lina kitu cha kutazama. Ilibainika kwamba kila nakala ilimwona mtoto kutoka upande wake. Mama mmoja muuguzi alimwona kutoka juu ya rafu ya sabuni. Baba mmoja dereva wa lori alilalamika kwamba ya kwake inaonyesha kisigino tu, akabadilishana na jirani yake aliyekuwa na watoto wawili darasani na hivyo nakala mbili. Watu walipeana habari zake njiani kama wanavyopeana habari za mgonjwa anayeendelea vizuri. Leo kafagia mapema. Leo kavaa viatu.

Dada mtu hakuwa tena mzazi wa darasa la saba, kwa hiyo hakuwa na nakala. Mwalimu alimpa ya kwake. Ilikuwa nzuri, ilitazama kaunta uso kwa uso. Dada aliipokea kwa mikono miwili, akaibandika kwa pini ukutani juu ya cherehani, na jioni ile alishona mkono mzima wa gauni kwa upande wa nyuma, akaufumua, akaushona tena.

Jumatano, kipindi cha pili, wanafunzi walichungulia nakala ya kiranja wakati Mwalimu anaandika ubaoni, wakamwambia bila kuulizwa kwamba Nukta anauza sabuni. Akawaambia wafungue vitabu. Kipindi cha nne akachungulia mwenyewe. Nukta alikuwa bado kwenye kaunta. Baada ya mapumziko alikuwa bado kwenye kaunta. Saa saba wakaingia watoto wa sare, wale wa ile shule ya nyuma ya duka, wakanunua madaftari na penseli. Nukta aliyagongagonga madaftari kwenye kaunta mpaka kingo zikalingana, akawapa, akawatazama wanavyotoka mpaka wa mwisho. Halafu akafuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu.

Mwalimu alijua hapo kwamba mtoto hakuwa amepelekwa shule yoyote. Akakaa kwenye dawati la mbele, la wanafunzi, magoti yakagota chini ya mbao. Orodha ya watahiniwa ilikuwa inaondoka Ijumaa saa sita. Ikiondoka bila jina la Nukta, hakuna shule ambayo ingemkalisha mtihani mwaka ule, na mtoto wa kike aliyekwisha kuzoea kaunta huwa haulizwi tena mwaka unaofuata.

Alikwenda kwa Mkuu jioni ile ile akiwa na nakala ya kiranja mkononi. Mkuu alimkaribisha kiti. Akatazama tunduni muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na Mwalimu akaona kwamba si mtu wa roho mbaya. Ingekuwa nafuu kama angekuwa na roho mbaya.

"Mwalimu," alisema, "wa mwaka jana alikuwa mtoto wa mlinzi wetu. Unapita pale langoni kila asubuhi, anakufungulia. Nikimrudisha wa kwako, yule nimwambie nini?"

Mwalimu akasema labda wangeanza na huyu, kisha na wengine. Mkuu akamkumbusha kwa upole kwamba barua aliiandika yeye, na kwamba ilikuwa barua nzuri, naye Mkuu ameitunza kwenye faili kama mfano. Wakaagana vizuri.

Nyumbani alimsimulia dada yake yote akiwa amesimama mlangoni, hakuketi. Dada alikuwa anajua kuhusu shule. Alikuwa amekaa mbele ya lile tundu tangu alfajiri, na hakuna kipindi alichokuwa hajakiona. Alizima taa ndogo ya cherehani, akavua futi ya fundi shingoni mwake.

"Karatasi yenu kubwa kuliko zote ina ukubwa gani?"

Akamwambia ishirini na moja kwa thelathini kasoro kidogo. Akamweleza kwamba printa haikubali kuchapa mpaka ukingoni, inataka iachiwe nusu sentimita kila upande. Dada akachora mstatili kwa chaki kwenye meza ya kukatia, ishirini kwa ishirini na nane na pointi saba, akalaza futi kutoka pembe moja mpaka pembe ya pili. Ilisoma thelathini na tano.

"Sare yake nilishona mimi," alisema. "Mabega thelathini na nne. Anapita, akija mshazari."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa wiki sita kuongea naye zaidi ya chakula na maji ya kuoga. Mwalimu hakulala vizuri kwa furaha.

Alhamisi asubuhi alifungua jarida, akahifadhi nakala yake kwa jina jingine. Akafuta habari ya bustani. Akafuta kichwa. Akafuta mistari yote isipokuwa wa nne na safu zote isipokuwa ya tatu, na hilo lilimtia woga kidogo, kwa hiyo alienda kuchungulia darasani, akawahesabu, wote arobaini walikuwepo. Kikabaki chumba kimoja. Akakishika pembe kwa mausi, akakivuta mpaka kikajaza ukurasa. Karani aliuliza kama ni kazi ya shule. Mwalimu akasema ni ya shule. Karatasi iliyotoka ilikuwa pindo tupu la upana wa nusu kidole, na karani alimkunjia gazeti la kuibebea ili isichanike.

Waliiweka juu ya meza ya kukatia saa kumi na nusu, baada ya dada kumsindikiza mteja wa mwisho. Kwenye matundu madogo hakuna aliyewahi kusikia kitu, lakini kwa hili kubwa sauti zilipita. Kwanza walisikia redio ya shangazi. Kisha wakasikia kreti ikiburutwa, na uso wa Nukta ukatokea tunduni pale mezani, chini yao, kama mtu anayechungulia kisima kutoka upande usio wake.

Akamwamkia mama yake. Akamwamkia mjomba wake. Akauliza kama gauni la bi harusi wa jirani lilikwisha, akaambiwa lilikwisha na lilimkaa vizuri. Mama akaingiza mkono mpaka begani, akamshika shavu, akatoa unyoya uliokuwa kwenye nywele zake, akasema haya, njoo, tanguliza mkono wa kulia na kichwa, bega la kushoto litafuata. Alisema kwa sauti ya fundi anayemvisha mteja.

Nukta alishika pindo la karatasi. Kisha akaliachia, akamtazama mjomba wake.

"Mwalimu, jina langu limerudishwa?"

Walikuwa nyumbani, naye alimwita Mwalimu. Dada hakugeuka kumtazama. Mwalimu angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na mtoto angeshapita kabla ya kuuliza la pili.

"Bado," alisema.

"Basi nikija nitakaa wapi? Dawati langu lina mtu?"

"Halina mtu."

"Lakini jina halipo."

"Halipo."

Mtoto akafikiri. Akasema hapendi wenzake wapite na madaftari mbele ya mlango wa mama yake, yeye akiwa ndani anawasikia. Hapa angalau wanaopita hawamjui. Akasema kesho jina likiwekwa atakuja palepale, asingojwe hata dakika, kanga ya shangazi ataiacha juu ya kreti. Mama akampima mabega pale pale kwa futi, kwa mazoea tu ya mikono yake. Thelathini na nne na nusu. Dukani akaingia mtu kuulizia betri, na Nukta akaenda kumhudumia.

Dada aliikunja futi polepole mpaka ikawa duara dogo.

"Mdogo wangu," alisema, "orodha anaipeleka nani?"

Ilipelekwa na mwalimu wa darasa. Huo nao ulikuwa utaratibu.

Ijumaa saa nne Mkuu alimpa bahasha ya kaki, haijabandikwa, kwa sababu ofisi ya elimu iliwataka walimu wa madarasa wahakiki majina mbele ya ofisa. Mwalimu alikwenda kwa miguu. Nusu ya njia, kwenye ukuta wa kiwanda cha matofali, alisimama kivulini akaitoa orodha. Majina arobaini, yamechapwa sawasawa kwa mashine ya karani. Chini ya jina la arobaini palikuwa na mstari mmoja mtupu, na chini ya mstari huo sahihi ya Mkuu. Alikuwa na kalamu. Alikuwa na mwandiko unaosomeka, wenye kusifiwa. Akaweka karatasi ukutani, akaweka ncha ya kalamu mwanzoni mwa mstari, na ikaacha alama ndogo ya wino.

Akawaza kazi yake. Akawaza chumba cha nje, na mshahara unaomlisha, na barua iliyotunzwa kwenye faili kama mfano. Akamwaza mlinzi wa lango. Akawaza kwamba huenda ofisa asingeona, na akawaza kwamba huenda angeona. Alisimama pale mpaka kivuli kikamwacha na jua likampiga kisogoni. Alimpenda yule mtoto kuliko mtu yeyote duniani, na alilijua hilo waziwazi akiwa pale ukutani, na hakuandika. Akairudisha orodha kwenye bahasha. Ofisa aliipokea saa sita kasoro dakika kumi, akaipitia, akauliza ile alama ya wino ni nini, akaambiwa si kitu, akapiga muhuri.

Dada alimuuliza swali moja tu alipoingia, kama aliandika. Akasema hakuandika. Dada akakanyaga cherehani, na kwa siku kadhaa haikuwepo sauti nyingine ndani ya nyumba ile. Kisha ikabidi watu waishi.

Ile karatasi kubwa waliihamishia ukutani, juu ya meza ya kukatia, ikabandikwa vizuri kwa gundi ya kitambaa. Mama alizoea kushona akiongea na mwanawe bila kuinua kichwa, kama mtu aliye chumba cha pili. Wateja walikuja kupimwa, wakamsalimia Nukta ukutani, wakaendelea na shida zao. Shangazi naye alipita mara mojamoja, akasalimia kwa aibu kidogo, akaeleza tena kwamba shule ilijaa, na hakuna aliyembishia. Miezi miwili ilipotimia dada alipima tena mabega. Thelathini na tano na nusu. Aliandika kwenye daftari lake la vipimo, chini ya vile vya zamani.

Mwalimu alirudi kazini kama kawaida, na jioni saa kumi na moja, duka linapopoa, alivuta kiti mbele ya ukuta. Alichowafundisha arobaini mchana alikirudia kwa mmoja. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya kutuliza moyo wake mwenyewe, tuseme ukweli. Lakini darasani alikuwa na dakika arobaini kwa watoto arobaini, na hapa alikuwa na jioni nzima, na ikadhihirika kwamba mtoto alikuwa haelewi hesabu za sehemu kwa sababu hakuna aliyewahi kumkatia kitu. Dada yake akatoa vipande vya kitambaa. Nusu, robo, thumuni. Nukta alivipanga juu ya kaunta, akavipangua, akacheka peke yake. Saba mara nane ilikaa siku ya tatu na haikuondoka tena. Akawa anauliza maswali ambayo Mwalimu alilazimika kwenda kuyatafutia majibu.

Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, darasa zima lilifanya jaribio la mwisho la hesabu. Mwalimu alibeba karatasi moja ya maswali nyumbani, akaipitisha ukutani, akakaa na saa mkononi. Mteja mmoja alikuja kununua kiberiti katikati ya swali la kumi na tisa, na muda huo akamfidia. Nukta alipomaliza alirudisha karatasi, nayo ilinukia sabuni. Mwalimu aliisahihisha kwenye meza ya kukatia, kwa kalamu nyekundu, bila kumwonea huruma, akajumlisha mara mbili. Sabini na moja.

Akafungua rejesta ya alama. Ilikuwa na mistari arobaini. Akaifunga.

"Nimepata ngapi?" Nukta aliuliza.

Akamwambia. Mama yake alisimamisha cherehani. Mtoto aliinamisha kichwa kuficha lile tabasamu lake, kisha akauliza wastani wa darasa ni ngapi safari hii, na mjomba wake, ambaye hajawahi kumdanganya mwanafunzi kuhusu alama, akasema sitini na nane.

Nukta akahesabu kidogo kwa vidole juu ya kaunta.

"Basi ningewapandisha, Mjomba," alisema.

Mwalimu alisema ndiyo, angewapandisha. Upande wa pili mtu akagonga kaunta kuulizia chumvi, na Nukta akaenda kumpimia.